Gari Limezimika Darajani

Severa alikuwa amejilaza kwenye kiti cha mbele, kiti kimelazwa mpaka mwisho, mtandio umefunika nywele na nusu ya uso, na bado alihisi Kariakoo nzima inamwona.

"Tumeshapita Msimbazi?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa je?"

"Severa, tuko kwenye taa. Zikituruhusu tutapita."

"Nje kuna nani? Kuna mtu unayemfahamu?"

Abdulrazak aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Kuna mama wa karanga. Kuna jamaa amebeba mafeni kichwani. Na kuna askari wa usalama barabarani anapiga miayo. Hakuna anayekuangalia, mpenzi. Kaa vizuri, utaumia shingo."

Hakukaa vizuri, na wala usimcheke. Gari walilokuwamo lilikuwa Harrier nyeupe ya baba yake, Mzee Ansbert, muuzaji wa vyombo kwa jumla mtaa wa Aggrey, na hakuna mwenye fremu ya duka pale asiyelijua. Lina stika ya Bikira Maria kwenye kioo cha nyuma, na ubavuni lina mkwaruzo ambao mzee amekataa usipakwe rangi, eti umkumbushe dereva aliyelikwaruza. Na kijana aliyeshika usukani alikuwa Abdulrazak wa Lindi, Razaki kwa kifupi, muuza mapazia wa fremu ya jirani. Kwa miaka yote mzee huyo alimsifia mbele ya kila mtu kuwa ni kijana mwema, mwenye adabu, mwenye swala tano. Ila kumsifia mtu ni jambo moja na kumpa binti yako ni jambo lingine kabisa.

Lakini ilikuwa Desemba, Krismasi imekaribia, na Desemba Wachagga wa Kariakoo hawapo. Wamepanda kwao, wengine Marangu, wengine Machame, na akina Severa Rombo. Makufuli yamening'inia kwenye fremu zao safu nzima. Wazazi wake na kaka yake Heriel walishatangulia na gari la Heriel, Severa akabaki kufunga stoo. Baba alijua kwamba bintiye ameondoka alfajiri kwa basi. Severa yeye alikuwa na tiketi ya basi la usiku. Siku hiyo moja katikati aliiiba, akamwambia Razaki, nizungushe baharini, tufuate ufukwe tu, mpaka tukichoka.

Simu yake iliita walipokuwa wanapita Mnazi Mmoja. Jina lilikuwa la baba yake.

"Funga vioo! Funga, funga! Zima redio!"

Razaki akafunga. Severa akapokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mmefika wapi?"

"Segera, Baba."

"Mbona kimya hivyo? Basi halina watu?"

"Wa... wameshuka kula, Baba."

"Haya. Ninunulie machungwa hapo, matamu hayo. Usinunue ya dirishani, shuka uchague mwenyewe."

"Sawa, Baba."

Akakata. Razaki alimtazama kwa jicho la pembeni, lile jicho lake la upole lililomfanya Severa, mwaka mzima sasa, ajifanye kila mara ana shida ya kwenda kuchenji hela fremu ya jirani.

"Machungwa ya Segera tutayapata wapi sasa?" Razaki alisema, akijaribu kutabasamu.

"Usinichekeshe. Nitakufa leo."

Walipita Posta, wakashuka Kivukoni, na bahari ikafunguka mkono wa kulia. Hapo ndipo Severa alipoinua kiti kidogo. Alipokuwa mtoto, Jumapili baada ya misa, baba yake aliwapakia yeye na dada yake Caroline kwenye pikapu ya zamani na kuwazungusha barabara hii hii, taratibu, kioo wazi, upepo wa chumvi ukiwapiga usoni, na Mzee akiwaonyesha meli kana kwamba ni zake. Ilikuwa raha yake pekee mjini. Severa alikuwa amemchagulia Razaki barabara hiyo kwa sababu ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na sasa alijuta. Kila kona ilikuwa na sauti ya baba yake.

"Endesha polepole," alisema. "Nataka iwe ndefu."

Razaki akapunguza mwendo. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, mivinje inayumba, wapenzi wamekaa ukutani wakila mihogo. Mikono yao ikakutana juu ya gia na ikabaki hapo. Upande wa pili, uzio wa nyumba moja ulikuwa umezungushiwa mimea mirefu yenye majani membamba, mabichi, yamekaa kama panga.

"Yale maua mazuri," Razaki alisema. "Nitayapanda kwangu Buguruni. Ukija utayakuta."

"Yale si maua. Ni masale."

"Kwetu ni maua ya uzio."

"Kwetu ukimkosea mtu kosa kubwa, unakata jani la sale, unalifunga fundo, unamwendea nalo. Akiliona mkononi mwako hana ruhusa ya kukufukuza. Hata kama umemuulia ng'ombe. Lazima akusikilize."

"Lazima?"

"Lazima. Babu alikuwa anasema anayelikataa sale anajilaani mwenyewe." Akaufuata ule uzio kwa macho. "Dada Caroline alipoolewa Tanga hakulileta. Alituma ujumbe kwenye simu tu. 'Baba, nimeshafunga ndoa, nisamehe.' Na Baba alisema, hata jani hakuleta. Alilisema hilo mara moja tu. Kesho yake picha ya dada ilikuwa haipo ukutani. Imebaki misumari."

Razaki aliijua habari ya Caroline. Alijua pia kwamba mume wa Caroline anaitwa Bushiri, na kwamba dini ya Bushiri ndiyo dini yake mwenyewe. 

Walipopanda daraja jipya linalokatisha juu ya maji, Severa aliukamata mkono wake kwa nguvu.

"Razaki, nina jambo."

"Umeshamwambia Mzee?"

"Ndilo hilo."

"Uliniahidi utamwambia kabla ya Krismasi. Severa, watu wa huyo Leodegar anayetaka kukuoa wanaleta mbege ya posa siku ya pili ya Krismasi. Ikishanywewa hiyo pombe, mimi nitasema nini?"

"Sikumwambia. Na sitamwambia." Machozi yakaanza kabla ya maneno. "Nimekuomba unizungushe leo ili tuagane. Sikujua niseme vipi. Nakupenda, Mungu anajua navyokupenda, ila siwezi kuwa msumari wa pili ukutani kwa baba yangu. Atakufa. Au nitakufa mimi."

  Razaki alifungua mdomo aseme, na hapo hapo injini ikanyamaza.

Haikukohoa wala haikugoma, ilinyamaza tu. Taa za dashibodi zikazimika, usukani ukawa mzito, na lori la nyuma likapiga honi iliyowatoa roho. Razaki aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, akaliburuta gari mpaka pembeni mwa daraja, likasimama. Kushoto ukingo na maji chini. Kulia magari yanapita kwa kasi mpaka Harrier inatikisika.

"Mafuta?" Severa aliuliza.

"Tenki limejaa." Akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. "Haiwaki hata taa. Hii si kuharibika, Severa. Hii imezimwa."

"Imezimwa na nani?"

Simu ya Razaki ikaita. Ilikuwa imebandikwa pale mbele ya usukani, na wote wawili wakasoma jina kwa pamoja. Mzee Ansbert.

Severa aliziba mdomo kwa viganja. Razaki akaibonyeza isikike kwa sauti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu Razaki. Uko mjini?"

"Niko... niko mjini, Mzee."

"Mungu mkubwa! Gari langu limeibiwa."

Razaki akamgeukia Severa.

"Unanisikia? Limeibiwa mchana kweupe! Heriel alilifunga GPS mwezi uliopita, leo nimekaa sina kazi akanifundisha kuitazama kwenye simu. Nafungua hivi, naliona linatembea! Limetoka stoo, likapita Posta, likashika Ocean Road, polepole kama gari la harusi. Mwizi gani anaendesha hivyo? Huyo ni mwizi mwenye dharau. Sasa nimelizima. Liko juu ya daraja la baharini."

"Mzee..."

"Nisikilize. Watu wetu wote wako huku mlimani. Mjini umebaki wewe tu, ningempigia nani mwingine? Wahi pale wasije wakalichinja wakauza spea. Vijana wa kampuni ya GPS wako njiani na pikipiki. Nimewaambia wakimkuta mtu ndani wamvunje miguu kwanza, wamuulize jina baadaye."

"Ndiyo, Mzee."

"Na usimwambie Severa. Yuko kwenye basi, atapata presha bure."

Simu ikakatika.  Upepo wa bahari ulikuwa unapiga mluzi kwenye ukingo wa daraja. Severa aliwaza miguu ya Razaki. Aliwaza misumari ukutani. Hakujua aanze kuogopa kipi.

"Sikiliza," alisema haraka haraka. "Sikiliza, mpenzi, imekuwa bahati. Mimi nashuka, natembea mpaka ng'ambo, napanda bajaji. Wewe unashuka unasimama nje. Wakija unasema Mzee amekutuma, umelikuta limetelekezwa, mwizi amekimbia. Baba atakusifia mpaka siku ya kufa."

"Na wewe?"

"Mimi napanda basi usiku, nafika Rombo, basi likawa limeharibika njiani. Hakuna atakayejua."

"Sikuulizi basi. Nakuuliza wewe na mimi."

Severa akaangalia maji.

"Nilishakwambia," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mzee wako ana ndugu, ana wajomba, ana ukoo mzima," Razaki alisema, "lakini kapatwa na shida kanipigia mimi. Umemsikia? Mwanangu, kasema. Mimi nimwambie mwizi kakimbia, halafu kila asubuhi nifungue fremu, nimwamkie, tunywe kahawa? Siwezi. Bora hiyo miguu."

"Usiseme hivyo!"

"Naogopa, Severa. Usidhani siogopi. Jasho linanitoka mpaka mgongoni. Lakini siwezi."

Kwenye kioo cha nyuma zikaonekana pikipiki mbili, zimebeba watu wawili wawili, zinapunguza mwendo zikitafuta. Aliyekaa nyuma kwenye ile ya kwanza alikuwa na nondo, ameilaza mapajani.

Razaki akaona. Akanyoosha mkono mbele ya Severa, akafungua mlango wa upande wake.

"Shuka. Tembea, usikimbie. Jifunike mtandio. Wanatafuta mwanaume."

"Na wewe utawaambia nini?"

"Sitawaambia kitu. Nenda, mpenzi. Nenda upande basi lako."

Aliutoa mguu mmoja nje, ndio ukweli, na tusimfiche. Alikanyaga lami ya moto na akili yake yote ikamwambia akimbie. Kisha akageuka kumwangalia mara ya mwisho. Razaki alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili juu ya usukani ionekane, macho ameyafumba, midomo inasoma dua.  Akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango, akabonyeza vitasa vyote, akaipokonya simu pale ilipobandikwa.

"Unafanya nini?"

Alikuwa ameshapiga. Nje, nondo ikagonga kioo cha dereva.

"Shuka chini, bwana! Shuka kwa ustaarabu!"

"Umefika, Razaki?" sauti ya baba ikauliza. "Umemkuta?"

"Baba," Severa alisema. "Shikamoo."

Haikujibiwa. Kwa mbali upande wa pili alisikia wanawake wanacheka jikoni na mtu anapasua kuni.

"Severa? Mbona unatumia... Basi limefika wapi?"

"Siko kwenye basi, Baba. Sikupanda. Niko kwenye gari lako."

Nondo ikagonga mara ya pili, kioo kikapata ufa. Severa akapiga kelele.

"Baba, waambie wasimpige! Baba, nakuomba, waambie wamwache!"

"Wamwache nani?"

Hilo ndilo neno alilolikimbia mwaka mzima. Alilikimbia kanisani, alilikimbia mezani, alilikimbia kila mama yake alipomuuliza mbona unakonda. Sasa likamtoka lenyewe.

"Razaki, Baba. Niko na Razaki. Ndiye ninayempenda."

Kuni ziliendelea kupasuliwa. Gogo moja, kimya, gogo jingine.

"Mpe simu huyo mwenye kelele," Mzee Ansbert alisema.

Razaki akafungua mlango wake kidogo, Severa akaipenyeza simu. Kijana wa nondo akaiweka sikioni, uso umekunjwa. "Ndiyo, mzee... Mmoja, na dada mmoja... Sawa, mzee... Hapana, hatujamgusa, kioo tu." Akairudisha, akawatazama wote wawili kwa zamu. Kisha akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyenyimwa kazi, akapanda pikipiki. Wakaondoka.

"Razaki." Simu ilikuwa bado hewani.

"Naam, Mzee."

"Nilikupigia unitafutie mwizi."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukaniitikia, ndiyo Mzee. Uko ndani ya gari langu, una mtoto wangu pembeni, unaniitikia."

"Niliogopa, Mzee."

"Uliogopa miguu?"

"Miguu pia." Razaki akaisogelea simu. "Ila zaidi niliogopa kwamba ukijua, hutaniita tena mwanangu. Nilitaka kuja mbele yako na wazee wangu wa Lindi, nikuombe kwa heshima. Severa aliogopa. Nikamsikiliza, na hapo ndipo nilipokosea."

Simu ikakatika.

Walikaa hivyo, kioo kina ufa, magari yakiwapita. Severa alikuwa amekunja magoti kifuani kama mtoto. Ameitoa picha yangu, aliwaza. Sasa hivi tunavyokaa hapa, amepanda kwenye kiti, anaitoa. Razaki alimshika bega.

Halafu taa za dashibodi zikawaka. Simu ikaita.

"Nimeliwasha," Mzee Ansbert alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, haina kupanda wala kushuka. "Mnakuja Rombo. Wote wawili. Sitaki habari za basi. Hapa nimekaa na simu mkononi nawaangalia. Mkikata kona nisiyoijua, nazima gari, mtalala porini na fisi. Mmenisikia?"

"Ndiyo, Baba."

"Huyo mwenzako simuulizi. Anaendesha. Aendeshe."

Razaki akawasha gari. Liliguna, likakubali. Wakamaliza daraja bila kusemezana, wakaingia barabara ya ufukweni upande wa Oysterbay, bahari bado iko kulia, nzuri kuliko siku zote, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Kila tuta walilopita walijua kuna kidole mlimani kinalifuata. Rombo ilikuwa mbali. Yote yangeweza kuwangoja huko: wajomba, Leodegar na mbege zake, mama analia, mlango uliofungwa.

"Akinifukuza je?" Razaki aliuliza. "Nikifika tu getini, akinifukuza?"

 Ndipo Severa alipouona uzio wa hoteli moja, umezungushiwa mimea mirefu ya majani membamba, mabichi.

"Simama!"

"Severa, kasema..."

"Simama, Razaki. Simama hapo."

Akasimama. Severa akashuka mbio, miguu peku, mtandio umeanguka shingoni, hajali tena nani anamwona. Mlinzi wa hoteli akainuka kwenye kiti chake. Severa alipolishika jani, simu iliyokuwa mkononi mwake ikaita.

"Mmesimama," baba alisema. "Nimewaambia nini? Mbona mmesimama?"

"Nachuma sale, Baba."

Kimya. Hata kuni hazikusikika. Severa alibaki ameshikilia jani kwa vidole, hajalikata, akingoja gari nyuma yake lizimike.

"Chuma mawili," Mzee Ansbert alisema, akakata simu.